Uso wa Jacktone

Akiror alikuwa anatembea kinyumenyume. Simu ameiinua juu ya kijiti, anajirekodi, na geti la mpakani Busia limejaa watu kama kila Jumanne: akina mama na mabeseni ya dagaa kichwani, mawakala wa forodha na mafaili kwapani, mikokoteni, baiskeli, madereva wa malori wanaotafuta chai. Alivaa gauni la kitenge cha manjano lililombana kiunoni, na viatu vyeupe ambavyo mtu mwenye akili zake hangevivaa mahali pale.

"Hapa ndiyo mpaka," alikuwa akiiambia simu, "na watu wanapita na vitu yao..."

Kitu kikamgonga nyuma ya magoti. Akaketi. Aliketi juu ya gunia la unga wa ngano, na kabla hajainuka, gunia likaondoka naye.

"Shikilia vizuri," sauti ya mwanaume ikasema. "Mbele kuna shimo."

Ilikuwa baiskeli nyekundu ya magurudumu matatu, ile ya kuendeshwa kwa mikono. Kiti kimevikwa ngozi ya ng'ombe wa madoa, na pembeni kumefungwa kioo kikubwa cha lori. Ndani ya kioo hicho Akiror aliona macho mawili yanamcheka. Mwenyewe alikuwa kijana wa mabega mapana, shati la mistari limepigwa pasi, gongo limelazwa ubavuni. Sindano moja ya malaria, akiwa na miaka minne, iliulaza mguu wake wa kushoto na haukuamka tena.

"Simamisha. Mimi nashuka."

"Nikisimama hapa nitatukanwa na watu wote walio nyuma. Utashukia Uganda."

"Lakini mimi natoka Uganda."

"Basi nakurudisha kwenu, shida iko wapi?"

Alipomshusha, akina mama waliokuwa karibu waliangua kicheko. Gauni la manjano lilikuwa jeupe nyuma. Akiror akaanza kujipangusa.

"Acha, unaeneza," yule kijana akasema. Akavua koti lake akampa. "Funga kiunoni. Utanirudishia siku ukija kuanguka tena. Naitwa Jacktone."

Akampa namba mbili, moja ya Kenya na moja ya Uganda, asiwe na kisingizio.

Akiror hakukawia kupiga. Mwezi haujaisha, walikuwa wanaongea kila asubuhi kabla Akiror hajaingia darasani. Alikuwa mwaka wa tatu, mwaka wa mwisho, katika chuo kimoja mjini Tororo, akisomea shahada ya uandishi wa habari za kidijitali na mawasiliano. Kwao ni Petta, shambani, na yeye ndiye wa kwanza katika nyumba ya mama yake kuvuka sekondari.

"Umekula, nyar Teso?" Jacktone angeuliza. Ndivyo alivyomwita, binti wa Kiteso, kwa Kijaluo chake.

"Mimi nakula sasa. Chai na kiazi."

"Kiazi kimoja?"

"Kiazi mingi."

"Kiswahili chako kimepata ajali, mpenzi. Nikiletee machela?"

"Chako kimejaa Nairobi, na wewe Nairobi hujafika."

Walikutana Malaba, Jumamosi mbili kwa mwezi. Jacktone alidhani ni kwa sababu Malaba iko katikati. Haikuwa hivyo. Malaba kila mtu ni mpita njia, malori yamepanga mstari hadi macho yachoke, na hakuna anayegeuka kuangalia nani amekaa na nani. Tororo hakumwita hata siku moja. Petta ndiyo kabisa. Hilo Jacktone alianza kuliona.

Kisha ikaja kazi ya mwisho ya shahada. Mwalimu Olupot, mtu mfupi wa tai ndefu, aliwaambia darasani: kila mwanafunzi atengeneze video ya dakika saba, habari ya kweli, watu wa kweli. Video itawekwa kwenye ukurasa wa idara mtandaoni, watu waione na kutoa maoni, kisha mwanafunzi aitetee mbele ya jopo. Na kuna fomu ya maadili. Mhusika anatia sahihi kwamba amekubali. Mwanafunzi anajibu swali moja: je, una uhusiano wowote na mhusika?

"Akiwa mjomba wako, rafiki yako, mchumba wako, tafuta mwingine," Mwalimu Olupot alisema. "Hutaweza kumuuliza maswali magumu mtu unayempenda."

Akiror alimchagua Jacktone.

Waendeshaji wa baiskeli zile, wote walemavu, walikuwa na chama chao, na mwenyekiti alikuwa Chrispinus, mzee asiye na miguu, mwenye mdomo. Walikaa, wakakubaliana Jacktone aseme kwa niaba yao, kwa jina lake. Naye alisema. Alisema wafanyabiashara wengine huficha bidhaa chini ya mizigo ya walemavu kwa sababu maofisa huwaonea huruma na hawawapekui. Kwamba yeye alishaletewa vitenge vya kufichwa chini ya unga, zaidi ya mara moja, akakataa. Kwamba hawataki huruma, wanataka wapekuliwe kama watu wengine na waheshimiwe kama watu wengine.

"Uso wako niweke?" Akiror alimuuliza.

"Weka wote. Na masikio."

Jacktone akatia sahihi. Akiror akampa nakala, akaenda zake. Pale penye swali la uhusiano alikuwa ameandika: hakuna.

Siku mbili baadaye alikuwa chumba cha kompyuta akiikata video. Emma, kijana wa Dabani waliyesoma naye na aliyepanga chumba jirani, akaja kusimama nyuma ya kiti chake.

"Huyu si yule Jack? Yule anayekupigia kila asubuhi?"

"Yupi?"

"Akiror, sauti yake naijua. Unaiweka simu kwenye spika ukivaa viatu."

"Huyu ni mtu tu wa mpaka," Akiror akasema.

Emma alitazama kioo cha kompyuta. Alitazama baiskeli, gongo, mguu. Kule kutazama kwake ndiko kulikofanya kazi. Alipoondoka, Akiror akaufunika uso wa Jacktone kwa ukungu, na sauti akaizamisha mpaka ikawa nzito kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Alijiambia anaificha siri ya fomu. Hilo lilikuwa kweli, lakini nusu. Nusu nyingine hakujiambia.

Maneno yalikuwa yale yale. Lakini mtu akisema "wanatuletea bidhaa tufiche" uso wake ukiwa wazi, analalamika. Akisema hivyo uso umefichwa na sauti imezamishwa, anaungama. Halafu ukungu ulifunika uso tu. Baiskeli nyekundu, ngozi ya madoa, kioo cha lori, vyote vilikuwa peupe, na pale mpakani watu hawatambuani kwa uso. Video iliwekwa mtandaoni Alhamisi. Ijumaa mchana kila mtu wa geti ameshaipokea kwenye simu.

Jumatatu ofisa mmoja alimweka Jacktone pembeni, akamshushia mzigo wote, mfuko kwa mfuko, chini kwenye vumbi. Jumanne vivyo hivyo. Wenye unga wakawapa wengine kazi. Chrispinus akamwita.

"Tulikutuma useme kama mtu. Umeenda kusema kama mwizi. Kuna nini kingine uliwaambia, mpaka ukajificha?"

"Sikujificha, mzee."

"Basi nani alikuficha? Toka kwenye foleni kwanza. Jambo hili lipoe."

Huko Tororo, Mwalimu Olupot alimsifu Akiror. Watu elfu tisa wameitazama. Akiror alimpigia Jacktone amwambie, simu ikalia mpaka ikakata. Namba ya pili, vivyo hivyo. Siku ya nne ikapokelewa na Quinter, dada yake Jacktone.

"Wifi, Jack amesema amesafiri."

"Amesafiri wapi?"

"Ameketi hapa. Anaziba pancha."

Akiror alipanda gari la kwanza kwenda Busia. Alimkuta chini ya kibanda cha mabati, tyubu mkononi, shati halijapigwa pasi.

"Mpenzi, mbona hushiki simu?"

"Mpenzi nani? Mimi ni mtu wa mpaka."

Akiror alishtuka. Nani amemwambia? Hakuna aliyemwambia, yalikuwa maneno tu. Yakampata pale pale.

"Jack, mimi nilitaka kukulinda."

"Na nani?"

Jacktone akaiweka tyubu chini.

"Nilikwambia weka uso. Nilikwambia na masikio. Ungenilinda na nani, Akiror? Maofisa nawasalimia kila siku kwa majina. Sasa wananishushia mzigo kwenye vumbi, na Chrispinus amenitoa kwenye foleni." Akatoa karatasi iliyokunjwa mfukoni. "Hii uliniachia. Sikuisoma wakati ule, nilikuwa nafurahi. Nimeisoma juzi. Uhusiano: hakuna."

"Hiyo ni ya shule. Nikiandika kweli, wangekataa habari."

"Sawa. Hiyo ya shule nimeelewa. Mama yako anajua nina mguu mmoja tu mzima?"

Nje, lori lilikuwa linarudi nyuma likilia. Akiror alitazama viatu vyake.

"Hajui nipo, ama hajui mguu?"

"Anajua uko. Nilimwambia unafanya biashara."

"Umenificha huko pia," Jacktone akasema, bila hasira, na hiyo ndiyo ilimuumiza zaidi. "Huko ulianza zamani. Hata bila kamera. Nenda ukasome, nyar Teso. Mtihani uko karibu."

Hakupiga tena. Wiki mbili Akiror hakula vizuri, na asubuhi alivaa viatu katika chumba kimya. Angeweza kunyamaza tu. Angesimama mbele ya jopo, angejibu maswali matatu, na Oktoba mama yake angemwona amevaa joho. Hayo yote yalikuwa mkononi.

Siku ya utetezi alivaa sketi nyeusi na blauzi nyeupe kama wengine. Jopo lilikuwa la watu watatu, Mwalimu Olupot katikati, na wanafunzi wamejaa nyuma. Akaunganisha kompyuta. Video iliyotokea haikuwa ile ya mtandaoni. Uso wa Jacktone ulijaa ukuta mzima, jasho, tabasamu, masikio na yote.

"Mbona hii ni tofauti?" Mwalimu Olupot akauliza.

"Ile nyingine ni uongo, sir. Huyu alikubali uso wake uonekane. Mimi ndiye nilimficha. Na kwenye fomu niliandika hakuna uhusiano." Akaelekeza kidole ukutani. "Uhusiano iko. Huyu ni mwanaume wangu. Anaitwa Jacktone. Kwa sababu ya ile video amefukuzwa kwenye kazi."

Mwanajopo mmoja, Bi. Proscovia, alivua miwani.

"Unajua unachofanya, binti?"

"Najua, madam."

Walimtoa nje nusu saa. Walipomwita, Mwalimu Olupot hakumtazama usoni. Ile video ishushwe leo. Habari nzima imefutwa. Atafanya nyingine mwaka ujao, na atahitimu na wa mwaka ujao.

"Ulikuwa wa kwanza darasani," alisema, kama mtu aliyeibiwa.

Akiror alifika Petta jioni. Mama yake, Alupo, alikuwa anachambua karanga. Akiror alimwambia yote akiwa amesimama, maana alijua akikaa hatamaliza.

"Umepoteza mwaka," mama akasema, "kwa mtu asiyetembea."

"Anatembea na gongo, Mama. Na akiwa na mzigo, anatembea na mikono."

"Nani atakulimia?"

"Nililimiwa na nani mpaka sasa? Ulinilea peke yako."

Mama aliacha karanga. Kilichofuata kilikuwa kirefu na kibaya, na mwisho wake ulikuwa mfupi: mtu huyo asikanyage hapa.

Kesho yake Akiror alikuwa Busia. Hakumwendea Jacktone kwanza. Alimwendea Chrispinus, akapiga magoti kama inavyompasa binti mbele ya mzee, akamwomba radhi mbele ya waendeshaji wote. Kisha akawaonyesha video yenye uso. Waliiangalia wakisukumana vichwa.

"Huyu sasa ndiye tuliyemtuma," Chrispinus akasema. "Jacktone, njoo ujione. Una masikio makubwa, kumbe."

Jacktone alikuja na gongo lake, akatazama mpaka mwisho.

"Chuo hawaitaki," Akiror akamwambia. "Naweza kuiweka kwenye ukurasa yangu mwenyewe. Lakini siweki mpaka wewe useme."

"Weka. Maofisa nao waione."

Wengine walirudi foleni. Wao wawili wakabaki chini ya mabati.

"Mwaka mzima," Jacktone akasema. "Kwa sababu yangu."

"Si yako. Ni ya uongo yangu."

"Utafanya habari ya nani sasa?"

"Mwalimu anataka mtu ambaye mimi simpendi."

"Wapo?"

"Tororo wamejaa."

Jacktone alitaka kucheka, akajizuia. Bado alikuwa na swali. "Na mama?"

"Nilimwambia. Amesema usije."

"Amesema hivyo tu?"

"Amesema mingi."

"Yaseme yote. Usinifiche tena."

Akayasema yote, hata la mguu, hata la watoto watakaozaliwa. Jacktone alisikiliza akizungusha tairi tupu mikononi, na alipomaliza, tairi likasimama.

"Jumapili huko Petta wanatoka kanisani saa ngapi?"

"Jack, nimekwambia alisema usije."

"Nimesikia. Nimeuliza saa."

Akiror akafuta uso kwa kiganja. "Saa tano na nusu. Nitakungoja pale mlangoni, watu wote wakitoka."