Vidonge vya Msomi

Kila asubuhi kabla ya shule, Msomi aliketi kwenye kigoda na mama akamchana nywele. Wiki hiyo kigoda kilikaa kitupu. Mdogo wake, aliyeitwa Kifungo kwa udogo wa umbo lake, alikuwa na homa na maumivu ya ubavu wa kulia, na mama hakubanduka kitandani pake.

"Mama, nywele zangu!"

"Jichane mwenyewe, mwanangu. Wewe ni mkubwa."

Neno hilo lilimchoma Msomi. Ijumaa angepokea zawadi ya darasa mbele ya wazazi. Kifungo akilazwa, nani angempigia makofi? Wivu ulimkaba. Ndipo alipokumbuka vidonge vyake vya koo, alivyoviacha kabatini alipopata nafuu bila kumaliza dozi. Kwa siku mbili akampa Kifungo kimoja asubuhi na kimoja jioni, ili apone kabla ya Ijumaa.

"Meza upone. Na ukimwambia mama, sikusomei hadithi tena."

"Daktari wa kuku wewe!" Kifungo alinung'unika, akameza.

Homa ilipoa kidogo, kisha ikarudi kwa kishindo. Alhamisi walikuwa hospitalini wote watatu. Baada ya kumpiga mgonjwa picha ya tumbo, daktari alieleza kwamba bakteria wamefanya jipu lenye usaha ndani ya ini.

"Tutauvuta usaha kwa sindano, maabara waupime. Majibu huchukua siku kadhaa, lakini dawa naichagua leo. Amemeza dawa yoyote nyumbani?"

"Hata chembe, daktari," mama alijibu, akimpapasa Kifungo paji la uso.

Msomi aliutazama mkono ule kwa kijicho. Akinyamaza, nani atajua? Kifungo naye, akitetemeka kwa homa, alimtazama dada yake, akafumba mdomo kuitunza siri. Daktari alikwishaanza kuandika.

"Daktari, ngoja! Alimeza vidonge vyangu vya koo. Mimi nilimpa."

"Wewe!" mama alimaka.

Daktari aliuliza vya rangi gani na vingapi, kisha akakata alichoandika.

"Nilitaka kumpa dawa ya jamii hiyohiyo, na huenda bakteria hawa haiwashtui. Nitaanza na nyingine, ya kupitia mshipani. Maabara nao wajulishwe, maana dawa iliyomezwa yaweza kuwaficha bakteria kwenye kipimo."

Zawadi ya Ijumaa Msomi aliipokea bila mama. Jumatatu majibu yalitoka: dawa ya koo isingefua dafu, ile mpya ingewamaliza. Homa ya Kifungo ilikuwa imeanza kushuka, ingawa matibabu yangechukua wiki nyingi.

"Dawa ya mtu mmoja haigawiwi kama peremende," daktari alimwambia Msomi. "Dozi humalizwa, na daktari huambiwa kweli. Ulikosea, lakini ukweli wako umeniongoza."

Mama alimgeukia. "Zawadi yako niliikosa, nami inaniuma. Siku nyingine ukiona wivu, niambie mimi. Usiufanyie kazi kwa siri."

"Mama, wivu bado upo kidogo," Msomi alisema, akiinamisha kichwa.

"Basi sogea," mama alisema, akimpisha kwenye benchi kando yake.