Sijambo ya Mlangoni

Kila siku akitoka shule, Chiriku alipitia bombani, akanawa mikono kwa sabuni mpaka viwikoni, kisha akabisha hodi kwa jirani. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa binti wa fundi cherehani, mwenye miaka kumi na mitatu, na watu wazima walikuwa wamemkabidhi kazi aliyoionea fahari kuliko kushika namba ya kwanza darasani. Alikaa na Kibonge wakati mama yake Kibonge amekwenda kupiga pasi kwa dobi.

Kibonge alikuwa na miaka mitano, na ubonge wenyewe ulikuwa umebaki kwenye jina tu. Alianza kwa kuchoka ovyo na kuvilia damu mwilini bila hata kuanguka. Hospitali wakapima, wakasema ni saratani ya damu. Baba yake alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, na mama peke yake asingeweza. Husemwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini majirani wale waliushika huo mzigo wakaujua uzito wake. Huyu alifua, yule alipika, na fundi magari, pande la mtu linalotetemeka likiona sindano, alikwenda kuchangia damu huku amefumba macho.

Muuguzi aliwaeleza wote masharti. Dawa za saratani hupunguza kinga ya mwili, kwa hiyo mwenye mafua asimkaribie mtoto. Na mtoto akipata joto, hata kidogo, afikishwe hospitali papo hapo. Asipewe kwanza dawa ya kushusha homa, maana homa ikijificha watu hudhani amepona, kumbe ugonjwa unaendelea kumtafuna.

Siku hiyo Chiriku aliamka koo linamwasha. Kufikia mchana alikuwa anavuta kamasi kila hatua. Alipobisha hodi, mama Kibonge alikuwa ameshashika mkoba, amechelewa kazini.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mama."

Ulimi ulikuwa umemtangulia. Tangu anajifunza kusema, Chiriku alifundishwa kwamba mkubwa akikujulia hali hujambo, hata kama jino linakuuma. Shida husemwa baada ya salamu. Lakini baada ya salamu hakusema. Alijua kwamba akisema, kazi yake atapewa binti wa muuza mkaa, ambaye alikuwa akiimezea mate siku nyingi. Basi akanyamaza, na mama wa watu akaondoka.

Ndani, Kibonge alikuwa amelala ameuelekea ukuta. Kwa kawaida walicheza shule, Kibonge akiwa mwalimu mkali asiyeridhika na chochote. Leo hakutaka hata kugeuka.

Chiriku akamuuliza kama hajambo. "Sijambo," alijibu kwa sauti ndogo, kwani naye alikuwa mtoto mwenye adabu. Chiriku akamgusa shingo. Ilikuwa ya moto.

Juu ya kabati kulikuwa na chupa ya dawa ya homa, iliyonunuliwa kabla ya ugonjwa. Kijiko kimoja tu, joto litashuka kabla mama hajarudi, na hakuna atakayeuliza nani aliingia humu na mafua. Aliishusha chupa, akafungua kifuniko. Kibonge, ambaye siku zote hubembelezwa ndipo ameze dawa, alijiinua na kufungua kinywa mwenyewe. Alimwamini. Chiriku aliona aibu kubwa, akakirudisha kifuniko mahali pake.

Hapo simu aliyoachiwa ikalia.

"Hamjambo huko?" aliuliza mama Kibonge.

Jibu la kila siku lilikuwa tayari mdomoni. Chiriku akalimeza.

"Mambo si mazuri, mama. Kibonge ana joto. Na mimi nina mafua tangu asubuhi. Nilikuficha."

Chiriku alisikia pasi ikiwekwa chini upande wa pili.

"Usimpe kitu chochote," mama Kibonge alisema. "Kaa mlangoni, umtazame kutoka hapo. Nampigia fundi magari."

Fundi magari alifika na gari la mteja lisilokuwa na kiti cha nyuma, amenawa mikono lakini shavuni ana grisi. Alimbeba Kibonge amemfunika shuka safi, wakampitia mama yake kwa dobi, na Chiriku akabaki barabarani akilia.

Jioni Chiriku alipelekwa hospitali na mama yake, amevaa barakoa, wakakaa kwenye benchi la nje. Mama hakumkaripia, na hilo lilimuuma zaidi. Kibonge alikuwa ametundikiwa dripu ya dawa. Walisubiri mpaka matako yakafa ganzi, na kila mlango ulipofunguliwa Chiriku alishtuka.

Hatimaye muuguzi alitoka, akawaambia joto limeanza kushuka.

"Huenda homa hii aliipata kwako, huenda hakuipata kwako. Hatutajua," alimwambia Chiriku. "Ila angechelewa mpaka kesho, ningekuwa nawapa habari nyingine. Salamu ni adabu, mwanangu. Lakini kwa mgonjwa kama huyu, adabu ya kwanza ni kusema kweli, hata kama kweli hiyo itakunyima unachokipenda."

Mama Kibonge alikuja nyuma yake, macho mekundu. Chiriku aliomba msamaha akitazama sakafu, akasema kazi apewe binti wa muuza mkaa.

"Nimekukasirikia, sitakudanganya," alisema mama Kibonge. "Lakini nikiwa kazini, mwanangu namtaka akae na mtu atakayeweza kuniambia habari mbaya. Leo umeweza. Nenda ukajiuguze. Ukipona, urudi."