Maswali ya Nesi Pudensiana

Kila asubuhi Boke aliamka kabla ya wadogo zake, akafagia uwanja, akachota maji bombani, kisha akakimbia hadi shuleni. Nyumbani kwao kulikuwa Nyamisangura, mjini Tarime, nyuma ya kibanda ambamo mama yake aliuza ndizi. Hakukimbia kwa kuogopa kuchelewa. Alikimbia kwa sababu alipenda. Alikuwa darasa la sita, na katika mbio za mita elfu moja na mia tano hakuna msichana shuleni aliyemfikia. Mwalimu Baltazar alikuwa amemteua aende kwenye mashindano ya wilaya.

Wiki tano kabla ya mashindano hayo, Boke alianguka kutoka kwenye bodaboda akitoka sokoni. Hakuwa amevaa kofia ngumu. Kichwa kiligonga lami, akapoteza fahamu kwa muda mfupi. Alilazwa siku mbili, na alipoonekana anaendelea vizuri, akaruhusiwa kurudi nyumbani.

Kabla hajaondoka wodini, nesi mmoja aitwaye Pudensiana alizungumza na wazazi wake. Alikuwa mwenyeji wa Bukoba, na alifanya kazi na madaktari waliokuwa wakifanya utafiti kuhusu watoto walioumia kichwa katika wilaya za Tarime na Serengeti. Walitaka kujua watoto hao huwa na hali gani wakisharudi nyumbani, nani hupona haraka, na ni dalili zipi zinazoonya mapema kwamba ubongo una shida. Mzee Heche, baba yake Boke, aliuliza maswali mengi kabla ya kutia sahihi. Boke naye aliulizwa kama yuko tayari, akakubali.

Tangu hapo nesi alikuja kila Jumamosi na karatasi zake. Alimuuliza Boke kama anaumwa kichwa, kama anatapika, kama anaona vizuri. Jumamosi mbili za kwanza Boke alijibu kwamba hana tatizo lolote, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini wiki ya tatu kichwa kilianza kumuuma kila alipoamka. Mara mbili alitapika nyuma ya choo na kufukia matapishi kwa udongo. Mwalimu Baltazar alikuwa amesema wazi kwamba hatakimbia mpaka nesi athibitishe amepona. Kwa hiyo Jumamosi ilipofika, Boke alijibu "hapana" kwa kila swali. Aliyejua ukweli ni rafiki yake Waisiko tu, naye alikuwa ameombwa anyamaze.

Jumamosi ya nne Boke alishindwa kufunga vifungo vya blauzi kwa mkono wa kushoto. Aliogopa, lakini mashindano yalikuwa yamebaki siku sita. Nesi alipokuja, alijibu tena kama wiki iliyopita. Nesi akaandika. Boke alimtazama akiandika, kisha akamuuliza majibu hayo anayapeleka wapi.

"Yanakwenda kwa madaktari, yanaunganishwa na ya watoto wengine," nesi alisema. "Juzi nilikuwa Mugumu, kule Serengeti. Kuna mtoto wa miaka minne wa kutoka Natta, ameanguka kutoka kwenye mkokoteni. Kwao ni mbali na hospitali. Siku moja daktari atatakiwa kuamua kama mtoto wa namna hiyo arudishwe nyumbani au abaki. Atatazama majibu yenu."

Boke alimfikiria mtoto huyo akirudishwa Natta kwa sababu yeye amesema hana tatizo. Machozi yakamtoka.

"Nesi, naomba uyafute," alisema. "Nimekudanganya leo, na Jumamosi iliyopita pia."

Nesi Pudensiana hakumgombeza. Alianza upya kutoka swali la kwanza, na safari hii Boke alimweleza yote. Kisha nesi akamwambia afumbe macho na kunyoosha mikono yote miwili mbele, viganja vikiangalia juu. Mkono wa kushoto ulishuka taratibu, wala Boke mwenyewe hakujua. Nesi alimpigia simu daktari papo hapo. Saa moja baadaye Boke na mama yake, Bernadetha, walikuwa kwenye gari la wagonjwa kuelekea Mwanza.

Picha ya kichwa ilionyesha kwamba damu ilikuwa ikivuja kidogo kidogo tangu siku ya ajali, ikajikusanya chini ya fuvu na kuukandamiza ubongo. Daktari wa upasuaji alitoboa tundu dogo kwenye fuvu, akaitoa damu hiyo. Alimweleza Bernadetha kwamba wangechelewa siku chache zaidi, wangeweza kumpoteza mtoto. Mama alikaa sakafuni kwenye korido, akamshukuru Mungu kwa Kikurya, kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimemwishia.

Mashindano yalipita Boke akiwa wodini. Alirudi Nyamisangura mkono ukiwa na nguvu tena. Waisiko alikuja kuomba radhi kwa kuficha siri ya namna ile, wakalia pamoja.

Jumamosi iliyofuata mama alitaka kumpa nesi mbuzi. Nesi alishukuru, akaeleza kwamba watafiti hawaruhusiwi kupokea zawadi. Mama akasema chakula si zawadi, akamwandalia ugali wa mtama na kuku.

Wakiwa wanakula, Boke aliuliza kwa aibu kama uongo wake umeharibu utafiti.

"Majibu yale hatukuyafuta," nesi alijibu. "Tumeandika kwamba ulificha dalili, na kwa nini. Sasa kila mtoto tunampima mikono kwanza, ndipo tunamuuliza. Na mama wa yule mtoto wa Natta tumemfundisha dalili zote kabla ya kumruhusu mtoto arudi nyumbani."

Mzee Heche alinawa mikono, akamgeukia binti yake.

"Maumivu yako uliyajua wewe peke yako, mwanangu. Daktari husaidiwa na ukweli wa mgonjwa, na ukimdanganya, unajidanganya wewe na wote watakaougua baada yako. Tunamshukuru Mungu, tunamshukuru nesi na wenzake. Na wewe, Boke, nakushukuru. Ulisema kweli siku ambayo ilikuwa ngumu kuisema."

Boke alikuwa hajawahi kumsikia baba yake akimshukuru mtoto. Aliinamisha kichwa, akasema asante.