Punje zenye Maganda

Saa tatu asubuhi, msimu wa mavuno wa mwaka 1999, kapu la Balbina lilimwagwa mbele ya mashine ya kukoboa mpunga pale Ifakara. Mchele ukatawanyika sakafuni.

"Mwizi huyo," alisema Marselino, msimamizi. "Nimemwona akichota kwenye gunia la mchele uliopepetwa. Afande, mweke ndani."

Balbina, mpepetaji mwenye watoto wawili na asiye na shamba, aliketi sakafuni. Jane, mpepetaji mwenzake, akamsogezea kigoda. Koplo Wilhelmina, polisi aliyeitwa na Marselino, aliuona wema ule, akachuchumaa, akachota mchele. Punje nyingi zilikuwa bado na maganda.

"Huu haujapepetwa. Hata kukobolewa haujamalizika. Umetoka wapi?"

"Ndani ya mashine," alisema Jane. "Mkanda ulikatika jana, mpunga ukabaki humo umekobolewa nusu."

Marselino akadakia, "Basi amekula njama na fundi Masanja."

Mara basi la Kidatu likasimama nje. Masanja akashuka, mkanda mpya begani.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Kidatu. Nilifuata mkanda jana, nikalala kwa shangazi."

"Na ufunguo wa chumba cha mashine?"

"Nilimwachia bosi. Ni mmoja tu, ule pale kiunoni kwake."

Wapepetaji wote waligeuka kumtazama Marselino. Koplo alimgeukia Balbina.

"Balbina, ulipofika leo kapu uliliweka wapi?"

"Ofisini kwake. Wiki hii ametuamuru sote tuyaache huko." Akamnyooshea Marselino kidole. "Alinishika kiuno, nikamkataa. Akasema nitatoka hapa kwa aibu."

"Nilimsikia," alisema Jane.

"Hata mimi alinishika," sauti ikatoka nyuma.

Marselino alicheka kidogo. "Ulikuwa utani, afande. Huyu mtani wangu."

"Mtani akikataa, anawekewa mchele kapuni?"

Marselino akaufunika ufunguo kwa kiganja.

"Mwaka jana ilipitishwa sheria," Koplo alimwambia Balbina. "Mkubwa wa kazi kukushikashika na kukutisha ni kosa. Mahakama inaweza kumfunga, na kuamuru akulipe fidia. Twende kituoni. Wewe ndiye mlalamikaji, Jane shahidi. Marselino, mpe Masanja ufunguo, utangulie."

"Na kazi yangu, afande?"

"Nani amekufukuza? Huyu aliye chini ya ulinzi?"

Jane alikung'uta kapu, akampa mwenzake.

"Shika kapu lako, mama. Na ungo wako hauguswi na mtu mpaka turudi."