Kinyozi na Mfuko wa Tumboni

Kwa miaka kumi na saba watu wa mtaa walimwita Wembe. Alikuwa kinyozi. Kibandani kwake palikuwa na kiti kimoja, kioo kimoja, na benchi la wanaosubiri zamu na wanaosubiri umbea.

Kisha akaugua. Madaktari walikuta uvimbe kwenye utumbo mpana. Waliukata, wakamwokoa. Lakini choo hakikuweza tena kupita njia ya zamani. Kwa hiyo walitoboa tundu dogo upande wa kushoto wa tumbo, wakaitoa nje ncha ya utumbo. Juu yake wakabandika mfuko. Choo kiliingia humo.

Hospitalini, muuguzi alimfundisha kuubadilisha. Wembe alifumba macho. Maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Nyumbani aliogopa kila kitu. Aliogopa mfuko utapasuka. Aliogopa harufu. Alilala chali bila kugeuka. Mkewe alipotaka kumsaidia, alijifungia bafuni.

"Baba watoto, nifungulie."

"Niache, mama watoto. Ukiona utanikimbia."

"Nikukimbie kwa ugonjwa?"

Alifungulia bomba la maji ili asimsikie.

Zaidi ya yote aliogopa kazi. "Kinyozi husimama karibu na pua ya mteja," alijiambia. "Nani atakaa kwenye kiti changu?"

Ndipo alipobuni ujanja wake. "Nisipokula, mfuko hautajaa." Akawa anakula vijiko viwili vitatu tu. Hata maji aliyaonja tu.

Asubuhi moja bafuni alibandua mfuko. Ngozi kuzunguka tundu ilikuwa imechubuka, inawaka kama imepakwa pilipili. Akapangusa ncha ya utumbo kwa kitambaa. Kitambaa kikawa na damu.

"Nimekwisha," akasema. Moyo ulimwenda mbio. Kuta zikazunguka. Akaanguka.

Mkewe alisikia kishindo. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Akapiga kelele. Fundi bomba, mteja wa Wembe wa miaka mingi, alikuwa nyumba ya jirani akifunga koki. Alikuja mbio na bisibisi yake, akafungua komeo.

Wembe alipofumbua macho, akavuta taulo ajifunike.

"Fundi, toka! Usitazame!"

Fundi bomba hakutoka. Alipandisha shati lake. Tumboni kwake palikuwa na mfuko kama ule ule.

"Mwaka wa sita huu," alisema. "Umeninyoa mara ngapi?"

"Kila wiki mbili."

"Uliwahi kusikia harufu?"

Wembe alitikisa kichwa.

"Mimi nahamisha mabomba ya watu. La kwangu lilihamishwa na daktari."

Mke wa Wembe alicheka huku machozi yakimtoka. Wembe hakucheka.

"Na damu hii je?"

"Utumbo ni laini kama fizi. Ukiupangusa hutoa damu kidogo, kisha hukoma. Isipokoma, kimbilia hospitali. Lakini ngozi hii isikae hivi. Na wewe umekauka! Kunywa maji polepole, kisha twende kwa muuguzi."

Muuguzi alimpima, kisha akatazama mfuko, na shimo ambalo Wembe alilikata kwa mkasi ili lizunguke tundu.

"Shimo la mfuko ni kubwa mno," alisema. "Choo kinagusa ngozi na kuichoma. Majuma ya mwanzo tundu la tumbo hupungua, kwa hiyo lipime kila unapobadilisha. Osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha vizuri. Usipake mafuta, mfuko hautashika. Na mwaga kilichomo kabla mfuko haujafika nusu."

"Nisipokula je?"

"Mfuko utajaa hewa, na wewe utaanguka tena. Kula kidogo kidogo, mara nyingi. Tafuna vizuri. Kunywa maji."

"Nikiona nini ndiyo niogope?"

"Utumbo wako uwe mwekundu na wenye unyevu, kama ndani ya mdomo. Ukigeuka mweusi au zambarau, njoo siku hiyo hiyo. Hata choo na hewa vikikoma huku tumbo linauma au unatapika, usingoje kesho."

Wembe aliinama. "Naogopa watu, dada."

"Najua. Hofu haiishi kwa siku moja. Ila usiibebe peke yako."

Siku hiyo Wembe alitazama tundu lake kwa mara ya kwanza bila kufumba macho. Mkewe alishika kioo. Mkono wa kinyozi, uliozoea wembe, sasa ulishika mkasi. Alikata shimo, akapima, akakata jingine. La pili lilienea sawasawa.

Ngozi ilipona. Nguvu zilirudi. Daktari alipomruhusu kufanya kazi, ila bila kunyanyua vitu vizito, Wembe alifungua kibanda. Ndani ya droo aliweka mfuko wa akiba na kitambaa safi.

Mwalimu wa shule ya jirani ndiye aliyekaa kwanza. Makali yakiwa shingoni mwa mwalimu, mfuko wa Wembe ukatoa sauti. Prrr!

Benchi zima likageuka. Wembe aliondoa makali shingoni. Alitamani ardhi ipasuke imfiche. Kisha akasema:

"Nilipasuliwa, mwalimu. Siku hizi tumbo langu linasema bila ruhusa."

"Darasani kwangu ninao arobaini wa namna hiyo," mwalimu alijibu. "Endelea, shavu moja bado lina ndevu."

Watu wa benchi wakacheka, wakarudi kwenye umbea wao. Wembe alifuta makali kwa taulo, polepole. Akamaliza shavu la pili, akampangusa mwalimu povu, akaita anayefuata.