Tone Jekundu la Shangazi

Kila Jumamosi, akishamaliza kufagia studio ya shangazi yake, Chiriku aliruhusiwa kuishika kamera. Jina hilo la utani alilipata kwa sababu ya mdomo wake usiofungwa. Hata wateja wa picha za pasipoti walimwomba apumzike kidogo.

Sharti lilikuwa moja. Kando ya kitundu cha kuchungulia palikuwa na gurudumu dogo la kurekebishia uoni. Shangazi alilitia tone la rangi nyekundu ya kucha, penye kipimo cha jicho lake.

"Zungusha mpaka uone vizuri," alisema, "lakini ukimaliza lirudishe kwenye alama yangu."

Chiriku alichungulia kwa jicho la kulia, akalenga kibao cha ng'ambo ya barabara: KINYOZI WA KISASA. Mwezi wa kwanza alizungusha kidogo tu, herufi zikaonekana wazi. Mwezi uliofuata akazungusha zaidi. Jumamosi hii gurudumu lilifika mwisho, likagoma, na herufi bado zilikuwa uji mtupu.

Nimeiharibu, akawaza. Shangazi hataniruhusu kuishika tena. Akaificha kamera kabatini bila hata kukumbuka alama.

"Leo mdomo umeuacha wapi?" shangazi akamtania jioni. Chiriku akachukua ufagio, akafagia tena palipokwisha fagiliwa.

Jumatatu shangazi alichungulia kwenye kamera, akakuta ukungu. Akalirudisha gurudumu kwenye tone jekundu, akapiga picha, akaikagua. Safi kabisa.

"Kamera ni nzima," akamwambia Chiriku polepole alipopita studio jioni. "Nani amelizungusha mpaka mwisho?"

"Sijui, shangazi."

Shangazi hakugomba. Alimfunika jicho la kushoto kwa kiganja, akampeleka mlangoni. "Nisomee kibao cha kinyozi."

"Kinyozi wa kisasa," Chiriku akajibu upesi.

Shangazi akakiondoa kiganja.

"Mwanangu, kinyozi ameanika taulo juu ya kibao tangu asubuhi."

Hapo Chiriku akalia, akasema yote. Kesho yake daktari alilimulika jicho lile kwa muda mrefu. Mwishowe alisema ugonjwa umeshaanza, ila unazuilika. Wangesubiri mwaka uishe, lisingepona.

Baada ya wiki kadhaa za matibabu, Chiriku alisimama mlangoni na miwani mipya. "Shangazi, kumbe kinyozi ana mvi! Na anazipaka rangi, tena vibaya!"

Shangazi alicheka, kisha akamshika bega.

"Gurudumu linalifuata jicho tu, haliliponyi. Ulificha kosa ambalo hukulifanya, ukakaribia kupoteza jicho. Ukiona jambo haliko sawa, sema. Kwa mdomo wote huo, utashindwaje?"