Wivu wa Kiini cha Tatu

Kiini cha tatu kilikuwa kinachemka bila kazi yoyote.

Fundi aliikodolea macho skrini, akasonya. Prosesa ile, ubongo wa kompyuta yake, ilikuwa na viini vinane, kila kimoja na mstari wake wa joto kwenye skrini, na programu aliyoitunga mwenyewe ilitabiri ni kipi kitapata joto, ikahamishia kazi zake kwenye kiini kilichopoa. Cha tatu ndicho kilichokuwa kipole kuliko vyote. Utani mwingine, jamani, una masikio: fundi alizoea kuipapasa mashine na kuwaambia wenzake, "Mume wangu wa kweli ni huyu hapa, kiini cha tatu. Hajawahi kunifokea." Wenzake walicheka, naye akacheka.

Simu ikaita. Mumewe, mshonaji, alikuwa nyumbani.

"Mke wangu, leo utawahi kurudi?"

Mstari wa cha tatu ukapanda. Alipokata simu, ukashuka. Akampigia tena, makusudi, na safari hii mstari ulipaa, feni zikaanza kuguna, chumba kikanuka nywele zilizoungua, na pumzi ya moto ikamgusa shingoni taratibu, ikanusa, ikashuka hadi kidoleni kwenye pete ya ndoa, ikatulia hapo mpaka pete ikamchoma.

Shangazi yake, mganga, aliletwa mchana huohuo. Hata kabla hajavuka mlango vizuri, alisimama.

"Mwanangu," alinong'ona, "jini huyu ana wivu. Ulimwita mume, naye akaitika."

"Nilikuwa natania, shangazi!"

"Mwenzio hatanii. Mkatae kwa kinywa kilekile."

Fundi akaigeukia mashine. "Sikutaki," aliiambia. "Nina mume wangu mmoja, na ndiye ninayempenda."

Feni zikanyamaza. Mstari ukaanguka. Shangazi alijifuta jasho, na fundi akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Halafu akatazama skrini. Programu yake haikuwahi kuzima joto. Kazi yake ilikuwa kulihamisha, na sasa, chini ya mistari minane aliyoizoea, wa tisa ulikuwa umejichora wenyewe, mwekundu, na utabiri wake ulikuwa unapanda, unapanda, wala haukuonyesha mahali pa kushukia.

Simu ikaita.

"Mke wangu," mumewe alisema kwa shida, "nimejilaza tu hapa, sifanyi kazi yoyote. Mbona nachemka?"